Mtunzi wa Vichekesho na Atafute Mtani

Katika sanaa zote za maonyesho, hakuna iliyo nyepesi kutazamwa na nzito kuandikwa kama mchezo wa kuchekesha. Mwananchi aliyemaliza kazi ya kutwa huketi, akacheka, kisha akaenda kulala. Wala haimpitikii kwamba neno lile lililomfanya ashike mbavu huenda lilifutwa na kuandikwa upya mara nyingi kabla ya kumfikia. Hivyo ndivyo ipasavyo, kwani mlaji hana wajibu wa kujua taabu ya jikoni. Lakini siku hizi chakula chapakuliwa kabla hakijaiva. Vichekesho vinavyotufikia kwa televisheni na kwa simu za mkononi ni vingi kuliko wakati wowote uliopita, na vilivyoiva ni vichache.

Makosa yenyewe yajulikana na kila mtazamaji. Kisa huanza vizuri, kikakosa mwisho. Mzaha mmoja hurudiwa mara tano, kana kwamba mtazamaji ni kiziwi. Na linapokosekana la kuchekesha, mtunzi hukimbilia kilema cha mtu, kigugumizi chake, unene wake, au lafudhi ya kabila lake. Gazeti hili haliamini hata kidogo kwamba vijana wetu wamepungukiwa na vipaji. Kwa maoni yetu, ila kubwa ni kwamba mtunzi ameachwa peke yake. Aandika peke yake usiku, apiga picha asubuhi, na jioni ulimwengu mzima unaona. Kati ya kalamu yake na umma hapana hata mtu mmoja aliyeketi kitako akamwambia: ndugu yangu, hapa hapachekeshi.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba wachekeshaji wetu wa zamani hawakuandika mswada, na watu walicheka hata machozi yakawatoka. Jibu hilo lina ukweli, nalo lastahili kupimwa. Katika miaka ya 1980 na ya 1990, vikundi vya maonyesho vya Dar es Salaam, kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre, vilitia vichekesho katika maonyesho yao pamoja na ngoma, muziki na sarakasi. Waigizaji walipewa kisa, wakagawana nafasi, na maneno wakayatunga wenyewe. Hebu basi tutazame ni nini hasa kilichofanyika pale. Mwigizaji hakuwa peke yake, kwa kuwa mwenzake alilidaka neno lake akalirudisha likiwa kali zaidi. Na mbele yao walikuwapo watu waliolipa kiingilio, ambao hawakuona haya kukaa kimya pasipochekesha. Neno lililoshindwa Jumamosi lilikuwa na nafasi ndogo ya kusemwa Jumapili. Baada ya majuma machache kisa kilikuwa kimechujwa kama tui. Kwa kweli mswada ulikuwapo. Uliandikwa vichwani mwao, na waliousahihisha walikuwa watu wa ukumbini.

Kamera imeikata kamba hiyo. Kamera haicheki wala hainuni. Kinachonaswa leo ndicho kitakachoonekana kesho na mwaka kesho, pamoja na makosa yake yote. Kwa hiyo kazi ile iliyofanywa na ukumbi sharti sasa ifanywe na watu wengine kabla ya kamera kuwashwa. Hapo ndipo inapoingia haja ya mtunzi wa pili, na haja ya kuutoa mswada ukasikilizwe na kukosolewa.

Haja hii ni kubwa zaidi kwa kichekesho kuliko kwa utungo mwingine. Aandikaye kisa cha huzuni aweza kulia peke yake chumbani, na machozi yake yakawa kipimo cha kutosha. Kichekesho hakina kipimo hicho, kwa sababu nguvu yake imo katika kumshtua msikiaji, naye mtunzi aujua mwisho wa mzaha wake kabla ya kuuanza. Mtu hajitekenyi mwenyewe akacheka. Sharti awepo mkono wa mwingine.

Mababu zetu walilijua jambo hili, wakaliwekea taratibu. Utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, au baina ya Wahehe na Wangoni, haukuwa mchezo wa kupoteza wakati. Mtani alikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya watu neno ambalo ndugu wa damu asingethubutu kulitamka. Hata matangani mtani aliweza kumwigiza marehemu, mwendo wake na ubahili wake, na wafiwa wakacheka katikati ya msiba bila ya kununa. Na mtani huyo huyo ndiye aliyeshika kazi msibani. Mambo haya mawili, ruhusa ya kusema kweli na wajibu wa kusaidia kazi, ndiyo yanayomfanya mtu awe mwenzi wa kuandika. Anayekosoa bila ya kushika kazi ni mpita njia. Anayeshika kazi bila ya kukosoa ni karani.

Tukitaka mfano wa nje, upo mmoja ulio bora. Mwaka 1948, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Milford, nchini Uingereza, walikutana vijana wawili, Ray Galton na Alan Simpson. Walianza kwa kuandika vichekesho vya redio ya hospitali. Kuanzia mwaka 1954 waliiandikia redio ya BBC vichekesho vya mchekeshaji Tony Hancock, na mwaka 1962 wakaanzisha katika televisheni kisa cha baba na mwanawe wanaookoteza vikorokoro, Steptoe and Son, ambacho Wamarekani walikigeuza kuwa chao mwaka 1972. Wawili hawa waliandika wakiwa chumba kimoja, Simpson akiwa ndiye mwenye kupiga taipu. Desturi yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuishika: neno lisilowaridhisha wote wawili halikuingia katika karatasi. Simpson alifariki mwaka 2017 na Galton mwaka 2018, na urafiki wao ulidumu hata mwisho.

Desturi hiyo yafaa itazamwe kwa makini na vijana wetu. Kwanza, huondoa kura. Watu wawili hawana wingi wa kura. Hivyo hakuna ashindaye kwa kelele. Neno likikataliwa na mmoja, wote wawili hutafuta la tatu, na mara nyingi hilo la tatu ndilo bora. Pili, huondoa umiliki. Neno likishaingia katika mswada lisiitwe langu wala lako, kwani mtunzi anayehesabu mizaha yake katika ukurasa amekwisha kuacha kuutumikia mchezo na ameanza kujitumikia mwenyewe. Tatu, humlazimisha kila mmoja kueleza. Mtu akiwa peke yake hujiambia tu kwamba mahali fulani pazuri. Akiwa na mwenzake hana budi kusema kwa nini ni pazuri, na katika kusema huko hugundua kwamba si pazuri.

Wala isidhaniwe kwamba mwenzi huyo sharti afanane nawe. Wawili wenye jicho moja huona kosa moja na kulipita kosa moja. Mwenye kipaji cha kupanga kisa na amtafute mwenye sikio la maneno. Mtu wa mjini na amtafute aliyekulia shambani. Mwanamume anayeandika juu ya ndoa na amtafute mwanamke, asije akaandika mke asiyepata kuonekana katika nyumba yoyote. Mchezo wa Fawlty Towers wa televisheni ya Uingereza, uliokuwa na vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya mwaka 1979, uliandikwa na John Cleese pamoja na Connie Booth, na wote wawili wakauigiza. Walikuwa mume na mke walipouanza. Ndoa ilivunjika kabla ya vipindi vya mwisho kuonyeshwa, lakini kazi ya kuandika haikuvunjika. Cleese ameeleza kwamba kila kipindi cha nusu saa kiliwachukua kiasi cha wiki sita kukiandika. Wale wanaotunga asubuhi na kurekodi alasiri na waitafakari hesabu hiyo.

Hata hivyo, wawili hawatoshi. Wakikaa pamoja muda mrefu huanza kuchekeana kwa mazoea, na kinachowachekesha wao kikawa fumbo kwa jirani. Ndiyo maana mswada hauna budi kutoka nje ya chumba. Na hapa hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano, kwa kuwa mfano mkubwa kabisa upo Kamiriithu, karibu na Limuru, nchini Kenya.

Mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika pamoja, kwa lugha ya Kikuyu, mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili waitwa Nitaolewa Nikipenda. Si mchezo wa kuchekesha mtupu, lakini umejaa kejeli, na kejeli ni ndugu wa kichekesho. Jambo la kutazama ni namna mswada ulivyotendewa. Waandishi hao walikuwa watu waliosoma, na mmoja wao alikuwa tayari mwandishi mwenye sifa duniani. Wangeweza kuwakabidhi wanakijiji maneno yaliyokamilika wayakariri. Hawakufanya hivyo. Walipeleka rasimu, ikasomwa mbele ya wakulima na wafanyakazi, ikajadiliwa kwa muda wa wiki nyingi. Wazee walisema: mzee wa umri huu hasemi hivi, hutumia methali. Waliofanya kazi viwandani na mashambani walizijua hesabu za mishahara yao na hila za mabwana zao kuliko mwandishi yeyote. Waliokumbuka ngoma na nyimbo walizisahihisha. Mazoezi nayo yalifanywa hadharani, na kila apitaye aliweza kusimama akatoa maoni.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na watu wakafurika kuutazama. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo kibali chake kilifutwa na wenye mamlaka, na mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Hayo ya siasa yana mahali pake. Sisi twataka kusisitiza hili moja: nguvu iliyowatisha wakubwa haikutoka katika kalamu mbili peke yake. Ilitoka katika mswada uliokuwa umepita masikioni mwa watu wanaozungumzwa ndani yake, wakaurekebisha hadi kila neno likawa la kweli.

Sasa, namna ya kuomba maoni nayo ni elimu. Wengi huwakusanya marafiki, wakawasomea kwa madaha, kisha wakauliza: je, ni mzuri? Swali hilo lina jibu moja tu, na rafiki mwenye adabu atalitoa. Waswahili wamesema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Twashauri mtunzi asiusome mswada yeye mwenyewe, kwa sababu sauti yake na nyuso anazozikunja zitaufunika udhaifu wa maneno. Na ausome mtu mwingine kwa sauti, na mtunzi aketi pembeni na penseli. Atie alama mahali watu walipocheka kwa dhati, mahali walipotabasamu kwa heshima, na mahali viti vilipoanza kulia. Alama hizo zina ukweli kuliko hotuba zitakazofuata. Baadaye aulize maswali yenye mpaka: ulipotea wapi? Ni nani uliyemchoka? Mwisho wake uliutambua lini? Na akijibiwa, anyamaze. Mtunzi anayesimama kuutetea mzaha wake amekwisha kukiri kwamba haukusimama wenyewe.

Wasikilizaji nao wachaguliwe. Isiwe kundi la vijana watupu wa mtaa mmoja. Awepo bibi wa makamo, awepo mtoto wa shule, na awepo mtu wa kazi ile inayoigizwa, akiwa ni utingo, mkunga au dalali. Zaidi ya yote, ikiwa mzaha wamhusu kiwete, au mtu wa kabila fulani, au mjane, basi mmoja wao awepo barazani. Akicheka yeye kwanza, mzaha una afya. Wakicheka wengine wote huku yeye akitazama chini, hicho si kichekesho, ni dhuluma iliyopakwa rangi. Kipimo hiki chepesi, laiti kingetumiwa, kingewaokoa wachekeshaji wetu kadha wa kadha na aibu ya kuomba radhi hadharani.

Anayeombwa maoni naye ana wajibu wake. Asiupokee mswada akauweka chini ya godoro miezi mitatu. Asiseme tu kwamba hauna maana, bali aonyeshe ukurasa na mstari. Asiandike mchezo wake juu ya mchezo wa mwenzake. Wala asiibe, kwani mwizi wa kisa ni mwizi kama mwizi wa kuku, tofauti yao ni kwamba kisa hakina manyoya ya kumshuhudia.

Hatusemi kwamba kila maoni yafuatwe. Mswada wa kwanza wa ule mchezo wa Fawlty Towers tulioutaja ulipopelekwa BBC, msomaji mmoja wa shirika hilo aliandika mwaka 1974 kwamba haoni utakuwa kitu gani ila balaa. Wakubwa wake hawakumsikiliza, na historia yajulikana. Basi mtunzi atajuaje? Twaona dalili ni hii. Mmoja akisema ukurasa wa saba unachosha, huenda ni usingizi wake. Wakisema watatu wasiojuana, ukurasa wa saba unachosha, na mtunzi hana la kubishia. Tena wasikilizaji mara nyingi hujua mahali panapouma, lakini dawa waliyoipendekeza siyo. Watasema mwisho haukuwachekesha, kumbe kosa liko mwanzoni, ambako jambo la kuuandaa mwisho lilisahauliwa. Mgonjwa husema alipo na maumivu. Kutafuta chanzo ni kazi ya mganga, na mganga wa mswada ni mtunzi mwenyewe.

Wala kurudia kazi si aibu. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa nchi, aliichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa. Ikiwa mkuu wa nchi aliona muda wa kuisahihisha kazi iliyokwisha kuchapishwa, kijana wa miaka ishirini ana udhuru gani wa kuukataa mswada wa pili?

Limebaki jambo moja ambalo huvunja utunzi wa wawili kuliko ubishi wowote wa maneno, nalo ni fedha. Wawili huanza kwa urafiki, wakigawana chai na mkate. Mchezo ukinunuliwa, mmoja hukumbuka kwamba wazo lilikuwa lake, na mwingine kwamba ndiye aliyekesha akiandika. Urafiki hufa, na mchezo hufa pamoja nao. Sheria za hakimiliki, ile ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zaitambua kazi iliyotungwa na watu wawili kwa pamoja. Lakini sheria hailindi wazo tupu lililo kichwani, na haiwezi kukumbuka kwa niaba yetu ni nani aliyefanya nini. Kwa hiyo twawasihi watunzi: siku ya kwanza, kabla ya ukurasa wa kwanza, waandike karatasi moja. Waseme mafungu yatakuwa sawa au hayatakuwa sawa, jina la nani litatangulia, na itakuwaje mmoja akijitoa au akifariki. Waitie sahihi mbele ya shahidi. Karatasi hiyo si dalili ya kutoaminiana. Hata ndugu wawili wanaolima shamba moja huweka mpaka, ili wasije wakapigana wakati wa mavuno.

Wenye vituo vya televisheni na redio nao hawana budi kubeba sehemu yao ya lawama. Kituo kinachomtaka mtunzi mmoja atoe vipindi vinne kwa mwezi kwa malipo ya mtu mmoja kimeamua mapema kupokea kazi mbichi. Na wawalipe watunzi wawili, na waweke siku ya kuusoma mswada kabla ya siku ya kurekodi. Gharama ya chumba, viti kumi na birika la chai ni ndogo kuliko gharama ya kipindi kisichotazamwa. Mabaraza ya sanaa yangeweza kufungua kumbi zao jioni moja kwa mwezi kwa kazi hiyo. Na walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa mashindano ya michezo ya kuigiza na wawazoeze mapema kusikia kosa lao likitajwa, pasipo kulia na pasipo kununa.

Ama kwa vijana wetu wenye kalamu, neno letu kwao ni fupi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wiki hii, kabla ya kuikodi kamera, kila mmoja wao na amtafute mtu mmoja asiyemwogopa na asiyemdai, ampe mswada, amwombe ausome kwa sauti, na avumilie kukisikia kimya kitakachokuwapo katika ukurasa alioupenda kuliko zote.